Kinoo cha Fundi Nishiwaki

Alhamisi, 9 Januari

Kimempata mwenyewe! Kile kinoo cha asili nilichonunua kwa mjane wa seremala kule Sonobe, kilichokaa rafuni tangu Mei — leo fundi Nishiwaki amekishika na hakutaka kukiachia. Alikuja na patasi yake mwenyewe mfukoni, kama wanavyokuja wote wanaojua. Matone mawili ya maji, akanoa, akaupima ukali kwa kidole gumba. Kisha: "Mama Kuwabara, hiki ulikuwa umekificha wapi? Ulikuwa unangoja nife kwanza?" Miaka sabini na sita, na mdomo bado mkali.

Anakitaka kwa mashindano ya kupiga randa ya Machi. Machimbo ya mlima kilikochimbwa yalifungwa zamani, yamejaa maji. Kingine cha aina hii hapati. Lakini hakukichukua. Nyumba yake baridi mno, anaogopa kitapasuka. "Kikae kwako, ndiko salama. Nipakie vanishi ubavuni na chini, maji yasipenye kwenye matabaka. Jumatano nakuja na kisu cha randa cha marehemu mwalimu wangu. Nikikijaribu kwa kisu hicho, tumemaliza biashara." Nimefurahi mpaka nimeimba. Duka la marehemu mume wangu bado linaaminiwa.

Ijumaa, 10 Januari

Jamani. Jamani!

Nilikiacha nje. Ndani ya karai la maji, pale bombani uani. Jana nilikuwa nakisuuza tope la kunoa, simu ikalia — mdogo wangu Toyoko — tukapiga soga saa nzima, nikasahau. Mimi! Miaka thelathini nawaambia wateja: kinoo cha asili hakilowekwi, na kikilowa hakilali nje Januari. Asubuhi karai lote barafu.

Nimeyeyusha polepole. Uso wake mzima. Nikapumua. Nikageuza ubavu — ufa. Mwembamba kama unywele, urefu wa vidole viwili, umeanzia kwenye pembe. Ukucha unakwama nikiupitisha hapo. Leo sijala kitu.

Jumamosi, 11 Januari

Nimeutazama kwa miwani, kwa kioo cha kukuzia, juani, chini ya taa. Haukui, haupungui. Labda utakaa hivyo miaka kumi. Au labda tabaka litabanduka akiwa katikati ya kunoa, kisu kizame humo, kimeguke. Kikimeguka ndiyo basi. Mhunzi aliyekifua amekufa, mwalimu amekufa. Kisu kile hakinunuliki popote.

Toyoko kaja na supu ya maharage matamu. Nikamwonyesha. Hakutazama hata sekunde mbili. "Dada, si ameomba vanishi mwenyewe? Basi mpakie!" Nikamwambia huo ni udanganyifu. "Udanganyifu gani? Umeagizwa kazi, fanya kazi. Mwoga kama kunguru wewe." Akamaliza na supu ya bakuli langu.

Jumapili, 12 Januari

Nimepaka. Mkono wa kwanza. Nilijiambia ni kazi niliyoagizwa tu. Ufa ukainywa vanishi, ukatoweka kabisa. Ningefurahi basi — wapi! Nikaenda kusugua choo ambacho tayari kilikuwa safi.

Jumatatu, 13 Januari

Mkono wa pili. Kinang'aa kuliko kitu chochote humu dukani. Nakichukia.

Saa nne fundi kapiga simu. Amepata ubao wa msaipresi usio na kifundo hata kimoja, anacheka peke yake. Kisu kile hajakinoa tangu mwalimu wake afe, miaka kumi na tisa. Alikuwa anangoja kinoo kinachokistahili. Kisha akasema — wala sikumuuliza! — wenzake wamemwonya asinunue kinoo kilichotumika, wameshaibiwa watu wengi. Akawajibu: "Kwa mama Kuwabara kasoro unaambiwa kabla hujaiona."

Nikasema asante. Asante! Ningeukata ulimi wangu.

Jumanne, 14 Januari

Nimewapigia simu watu wawili wa Kyoto wanaouza vinoo. Hawana cha mlima ule. Mmoja kanicheka wazi: nikikipata nimwambie, atakinunua yeye.

Jioni nikaamua: namweleza. Nikaandika maneno kwenye karatasi nisije nikababaika. Akapokea binti yake, Kanako. Baba yuko bafuni, anaimba, nimwambie nini? Nikaitazama karatasi. Nikasema: "Mwambie kesho baridi kali, avae soksi nene."

Soksi! Nimeketi hapa naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 15 Januari

Wamefika, baba na binti, saa tano kasoro dakika kumi, na mfuko wa machenza ya mti wao. Fundi akainua mguu pale mlangoni: "Soksi hizo, mama. Amri imetekelezwa." Kanako akacheka. Mimi nikaangalia viatu.

Akakaa mkekani, chumba cha nyuma. Akafungua kitambaa. Kisu kifupi, kimeliwa na miaka ya kunolewa, lakini hakina kutu hata nukta. Nikafungua mdomo. "Fundi —" Akainua kiganja, taratibu: ngoja kwanza. Akakipakata kinoo, akapitisha kidole gumba ubavuni. "Vanishi safi. Umejifunza kwa mumeo."

Kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole, kama wanavyofanya mafundi wa zamani. Katikati: mlio safi. Pembe ya kwanza, safi. Ya pili. Ya tatu. Ya nne akagonga: mlio umefifia, kama chungu chenye ufa. Akagonga tena. Akainamisha sikio, akagonga mara ya tatu, kidogo sana.

Akakirudisha kinoo juu ya mkeka. Akamwambia Kanako akamletee miwani garini, na asiharakishe. Miwani ilikuwa mfukoni mwake, naiona. Halafu akaniambia, macho yake yakiwa kwenye machenza: "Mama Kuwabara, naomba chai."

Mgeni wa huku haombi chai! Ukimpa anakataa mara mbili, mara ya tatu ndiyo anaonja. Mzee huyu anakuja kwangu miaka ishirini, hajawahi kuomba hata maji.

Niko jikoni. Naandika juu ya ubao wa kukatia mboga, mwandiko umepinda. Naona kwa upenyo wa mlango: amekifunga tena kisu ndani ya kitambaa. Amevuta mto wa kukalia, ameuweka mbele yake, ule ninaokalia mimi. Amekaa wima, mikono magotini, hana haraka.

Maji yamechemka. Nikazima jiko, nikawasha tena, yamechemka tena. Kikombe kimoja, au viwili, niketi nimweleze? Bado sisikii sauti ya kunoa.