Jina Linalokosekana kwenye Jiwe la Tulia

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Tulia hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Umeuliza mbona nimegombana na kamati ya jiwe la kukumbuka jinsi mji huu ulivyoficha watumwa waliotoroka.

Nilipoposwa, mzee mmoja wa upande wa babu yako alisema nyanya yangu alikuwa mtumwa, hana ukoo. Nyanya akasimama katikati ya mbuzi wa mahari. "Ukoo nilipewa hapa. Kutoroka nilitoroka mwenyewe!" Mzee akarudi kwenye nyama yake.

Sasa jiwe limeandikwa majina ya waliofungua milango pekee. Nimekataa! Nyanya ndiye aliyekimbia mpaka mlangoni. Njoo usimame mbele ya kamati, wewe uliyepewa jina lake.

Susu wako