Waliotumwa Maji Siku ya Wageni

Bukiriro, Ngara
Jumapili

Kwa kaka yangu Matiasi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Rusumo, wewe na wifi Akimana, na hao mawakala wa forodha wasiokupa hata nafasi ya kunywa chai. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama mguu umepungua kuvimba, maharage yametoka vizuri, na mvua inanyesha mpaka kuni hazikauki. Binti yako Iteka ni mzima, anakula, anaongezeka urefu. Sketi uliyomletea Pasaka imeshakuwa fupi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi kaka, nikaiweka. Kwenye simu wewe husikilizi, unacheka, unanikatiza, unamwita dereva wa lori. Na Jumamosi unakuja kumchukua Iteka akafanye usaili wa ile shule ya kulipia, kwa hiyo kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda gari. Siku hizi situlii. Nikikaa nainuka, nikianza kuchambua mchele nasahau nilipofika. Mama kaniuliza nina nini, nikamwambia ni uchovu wa kazi. Nampa Frednand wa bodaboda akuletee barua hii, uisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua tuna mafunzo ya walimu hapahapa kazini. Kila Jumatano, watoto wakishaondoka, tunakaa walimu wote, mmoja anafundisha somo la mfano na wengine wanamchambua. Mwanzoni nilinuna, maana nilijihesabu fundi. Watoto wangu wa darasa la pili wana hati nzuri kuliko wote katika kata. Nikiandika ubaoni, wananakili mpaka nukta. Lakini mwezeshaji wetu, mwalimu Ansbert wa shule ya jirani, akatuambia tufunike ubao kwa kanga, kila mtoto aandike jambo lake mwenyewe. Nikafunika. Wengine walianza kulia. Wenye hati nzuri zaidi ndio waliobaki wananitazama tu, penseli mkononi.

Baadaye tukaambiwa Ansbert atakuja na wageni kutoka wilayani, watazame somo langu. Mwalimu Mkuu, mzee Idefonsi, akaniita kunikumbusha utaratibu. Hata wewe unaujua, tumekua nao: siku ya wageni, watoto wasiojua kusoma hutumwa bondeni kuchota maji. Hakuna anayeona ubaya. Maji yanahitajika, wageni watanawa, na darasani wanabaki wanaonyoosha mikono. Mzee akasema niwachague mapema nisije nikahangaika.

Nikawachagua. Wakaenda na vidumu vyao. Somo likapendeza mno kaka. Watoto walisimulia, wakaandika, wakasomeana, wageni wakapiga makofi. Kisha tukakaa ofisini kuchambua, kila mtu ananisifu, na mimi kiti kinanichoma. Nikajikuta nimesimama, nikasema kwamba nusu ya kazi yangu iko bondeni inachota maji. Mzee Idefonsi alikohoa mpaka nikadhani soda imempalia. Nilitegemea Ansbert anilaumu, kumbe alicheka kwa aibu, akasema shuleni kwake wao huwapeleka kufyeka majani. Mwalimu mwingine akasema kwao ni kufagia uwanja. Tukatazamana. Miezi yote ile tulikuwa tukifundishana namna ya kuwafundisha watoto ambao tayari wanajua.

Tangu siku hiyo kila alasiri tunakaa na watoto wa maji. Mtoto anasimulia jambo lake kwanza, kwa Kihangaza au Kirundi, lugha yoyote iliyo kinywani, halafu tunalitafuta pamoja kwa Kiswahili, halafu analiandika. Inakwenda polepole, natamani kulia. Mzee Idefonsi sasa ananisalimia kwa kichwa tu.

Kaka, hapa naomba ukae chini. Miongoni mwa waliokwenda bondeni alikuwemo Iteka. Binti yako hajui kusoma. Zile barua zake ulizowaonyesha mawakala na madereva, niliziandika mimi, yeye akanakili. Nilidhani namsaidia, kisha nikaona haya kusema, maana ulimtoa kwa mama yake ukijisifu kwamba anakwenda kuishi na mwalimu. Na linaloniumiza kuliko hilo ni hili: siku ile sikumtaja. Nilikuwa nawanyooshea kidole mmoja mmoja, na nilishaamua yeye nimruke, nimfiche kule nyuma. Kabla sijamfikia aliinuka mwenyewe, akachukua kidumu, akatoka. Hakulia. Alijua yuko kundi gani, na hakuna aliyemwambia isipokuwa mimi, kwa macho yangu.

Nakuomba Jumamosi usimpeleke kwenye usaili. Watampa kitabu mbele za watu, naye ataanza kutafuta kidumu kilipo. Njoo, lakini uje ukae naye mchana mzima umsikilize. Ukiona ni heri umwondoe kwangu, ni mwanao, sitakushika mkono. Ukiniachia, sitamwandikia tena hata neno moja. Naogopa jibu lako kaka, lakini niliogopa zaidi wewe kulipata hili kwa mwalimu mgeni.

Nisalimie sana wifi, umwambie radhi yake nitakuja kuiomba mwenyewe. Mama anakusalimu, anauliza kama bado unakohoa asubuhi. Wa parokiani wote wanakukumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Odeta

Kaka, hapa chini ni mkono wa Iteka. Alianza tulipotoka kanisani, amemaliza sasa hivi chakula kikiwa mezani. Alikataa nisimame karibu. Nimesoma alipomaliza, nimeona haya maana ni kweli, lakini sikufuta.

Baba shikamo. Mbuzi wako arikufa. Shangazi anaogopa kukuambia.