Seti Tatu za Fundi Bomba na Chupa ya Kikongwe

Chumba cha nyuma ya tanuri,
Nyumbani.
Jumanne, tarehe 12.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kaa kwanza, maana anayekuandikia si yule mtoto uliyemwacha anafuta kamasi kwa mkono wa shati. Anayekuandikia ni mtu ambaye kwa wiki saba tu, bila cheti na bila kuvua ndala, amewazidi akili watengenezaji watatu wa vifaa vya pombe, na wote watatu wana viwanda, wana mawakili, na picha zao ziko kwenye maboksi wakicheka. Kama yupo chini ya jua anayeijua bia na pombe ya tufaha kuliko mimi, basi bado hajazaliwa, na akizaliwa atakuja kuniuliza.

U hali gani? Goti linasemaje siku hizi? Baba Mdogo naye hajambo, au bado anazunguka nyumba nzima akitafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake? Sisi huku ni wazima. Dada alijifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti kama honi ya lori. Mama bado yuko kwake anamsaidia, na mimi nimeachiwa tanuri, wateja na Kikongwe.

Umeniuliza kwenye barua yako kama Kikongwe hajambo. Najua kwa nini unauliza. Chachu ile Bibi aliianza kabla wewe na Mama hamjazaliwa, na mkate wa nyumba hii haujawahi kuumuka kwa kitu kingine. Mama alipokuwa anaondoka hakuniambia funga mlango wala zima taa. Aliniambia, "Mlishe unga na maji, asubuhi na jioni. Mengine yote yakiharibika yatatengenezeka." Nitafika huko kwa Kikongwe. Kwanza ulichoniagiza.

Umesema Baba Mdogo anastaafu mwezi ujao, na unataka umnunulie seti ya kutengenezea kinywaji nyumbani, ya bia au ya tufaha, ili akae mahali pamoja asikuharibie siku. Mama Mdogo, mtu anayeshindwa kufungua kopo la maziwa unataka umpe kiwanda? Lakini umeniomba nizichunguze, nami nimezichunguza zote tatu zinazouzwa, za kwenu na za kwetu ni zile zile.

Sikununua hata moja. Jirani yetu Fundi Bomba anazo zote. Huyu ni mtu ambaye bomba la jikoni kwake linavuja tangu nikiwa shule, na wewe unajua shule niliiacha mapema. Alizinunua moja baada ya nyingine, kila moja akiapa kwamba hii sasa ndiyo yenyewe, mpaka mkewe akamwambia achague, ndoo au ndoa. Akaniletea kwa toroli. "Kijana," akasema, "hivi vitu vinataka elimu." Nikamjibu, "Ndiyo maana vimekushinda, Fundi. Weka pale."

Ya kwanza ni ndoo nyeupe ya bia. Ndoo, Mama Mdogo! Ndoo kama ile ya kudekia, ila hii wameibandika picha ya mlima na mwanaume mwenye ndevu. Ndani mna kopo la kimea, kizito na cheusi kama lami, pakiti ya hamira, na koki ya plastiki iliyotengenezwa na mtu ambaye hajawahi kuona maji. Unamimina kimea, unaongeza maji moto na sukari, unapoza, unanyunyiza hamira, unafunika, unasubiri. Basi. Hiyo ndiyo siri yao yote. Mimi hukanda unga kilo arobaini kabla jua halijatoka, halafu mtu ananiandikia kijitabu cha kurasa kumi na sita kunifundisha kukoroga.

Koki ilivuja siku ya kwanza. Nikamwita Fundi Bomba, kwa heshima ya kazi yake. Aliizungushia utepe, ikaanza kuvuja pande mbili. Bia yenyewe ilipokomaa ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa viatu, na ladha yake sitaki kuvisingizia viatu. Fundi alikunywa glasi nzima, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, akasema, "Inataka kuzoewa." Nikamwambia hata kidonda huzoewa.

Ya pili ndiyo ile uliyoiona kwenye matangazo, mtungi wa chuma unaong'aa kama kitu cha hospitali. Huu unaunganishwa na simu. Ndiyo, simu. Pombe inakutumia ujumbe! Niko dukani, nina foleni ya watu saba, simu inalia, nafuta unga mikononi mbio mbio, nasoma: "Bia yako inaendelea vizuri leo." Jioni tena: "Usisahau kunywa maji." Nani kakuuliza? Mama aliyenizaa hajawahi kunitumia ujumbe mwingi namna hiyo. Siku ya tano umeme ukakatika, mtungi ukapoteza fahamu, na uliporudiwa na akili ukanitaka niandike upya jina langu, tarehe ya kuzaliwa na neno la siri. Mimi, nisimame nijitambulishe kwa sufuria.

Siwezi kusema uongo, kilichotoka kinanyweka. Lakini ni lita mbili. Wiki tatu za kuubembeleza, lita mbili! Baba Mdogo atazimaliza kabla hajapata miwani.

Zote mbili zinakuja na kijiti cha kioo kinachoelea, eti kinapima sukari iliyobaki. Cha kwanza nilikivunja dakika ya kwanza, cha pili Fundi alikikalia, kwa hiyo juu ya vijiti sina maoni.

Wanaozinunua nao, usiseme. Fundi alinipeleka kwenye kikao chao, chumba kimoja juu ya duka la rangi, wanaume tisa wamekaa kwenye madebe matupu, kila mmoja na chupa yake kwapani kama mtoto mgonjwa. Wanaonja tone, wanatazamana, hakuna anayethubutu kutema. Mmoja mwenye tai alinusa glasi yake, akasema anasikia harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi. Nikaomba ninuse. Nikamwambia, "Mzee, hii ni sabuni. Hukusuuza." Walinikasirikia wote, lakini mwenye tai alitoka nje na glasi, na aliporudi hakusema tena habari za nyasi.

Ya tatu ni ya tufaha. Chupa kubwa ya kioo yenye shingo nyembamba, kizibo chenye kibomba kilichopinda cha kutolea hewa, na mfuko wa maji ya tufaha yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama asali. Kwenye boksi wameandika "kama uko bustanini". Bustani gani inaingia kwenye mfuko? Niliicheka kuliko zote. Kijitabu chake nacho kimejaa woga mtupu: usifungue, usitikise, usipige chafya karibu, weka mahali penye joto lisilobadilika, na zaidi ya yote isikae kabati moja na chachu ya mkate, kinywaji kitageuka siki.

Mimi vijitabu sivifuati, unanijua. Kile cha ndoo nilikiweka chini ya koki kikinge matone. Lakini hiki cha tufaha, sijui shetani gani alinishika, nilikifuata neno kwa neno. Na kwa kuwa uliniomba ukweli, huu hapa: ndiyo seti bora. Kinywaji kimetoka cheupe, unaona mpaka upande wa pili wa glasi, kina ukali kidogo mwishoni na kinaacha mdomo safi. Fundi alionja, akalamba mdomo, akanisogezea glasi nimwongeze. Mnunulie hiyo. Mwambie tu asiipigie chafya.

Umeuliza pia biashara inakwendaje. Inakwenda. Watu wanakula, watu wanalalamika, ndivyo walivyo. Juzi yule mwalimu mstaafu anayechukua mkate mdogo kila siku alirudi na nusu ya mkate, akauweka juu ya meza mbele ya wateja.

"Kijana, mkate huu una nini?"

"Hauna kitu, Mwalimu."

"Ndicho ninachosema. Wiki mbili sasa nimevumilia. Hauna kitu."

Nikamwambia labda ulimi wake umezeeka. Nilitegemea agombe, nina majibu mengi ya watu wanaogomba. Hakugomba. Alivaa kofia yake, akaniaga vizuri, akatoka. Jana hakuja. Leo pia hakuja.

Basi, Mama Mdogo, nisikuchoshe. Msalimie sana Baba Mdogo, mwambie kustaafu si ugonjwa. Wasalimie mapacha, mkubwa kwa mdogo, na yule mpangaji wenu fundi cherehani aliyenishonea suruali yenye mfuko mmoja, mwambie bado nautafuta wa pili. Mungu alitazame goti lako, aijaze nyumba yako, na akupe usingizi wa mtu asiyedaiwa neno na mtu.

Hapa chini nilikuwa nimeshaandika jina langu. Nimelifuta, unaona karatasi ilivyochanika. Nimefika kwa Kikongwe.

Kabati lenye joto lisilobadilika ni moja tu katika nyumba hii, nawe unalijua, lile la ukutani karibu na dohani ya kutolea moshi wa tanuri, alimokaa Kikongwe tangu enzi za Bibi. Kijitabu kilisema wasikae pamoja. Nikamtoa. Nikaiweka chupa yake juu ya tanuri, kwa dakika tano tu, nimtafutie mahali pazuri, nikaiingiza ile ya tufaha mahali pake. Wakati huo huo simu ikalia. Ule mtungi, unaniambia bia yangu imeona badiliko. Nikaenda kuutazama. Hapakuwa na badiliko lolote. Nilikaa pale nikiutukana, niliporudi saa ya mkate wa mchana ilikuwa imefika, nikawasha tanuri kama kila siku.

Aliumuka, Mama Mdogo. Hilo ndilo linalonitesa. Alisikia joto akaumuka vizuri kuliko siku zote, akafika mpaka mdomoni mwa chupa, halafu akaiva. Nilisikia harufu tamu nikajisifu, nikadhani ni mikate yangu. Ilinibidi nivunje chupa kumtoa. Ni mkate mdogo wenye umbo la chupa, hata mistari ya mahali pa kifuniko imejichora. Sikuula. Nimeufunga kwenye kitambaa, uko kwenye droo yenye aproni za Bibi, na sijui mtu hufanya nini na kitu kama hicho.

Leo ni siku ya kumi na saba natumia hamira ya dukani. Kila jioni Mama anapiga simu. Haulizi tumeuza mingapi. Anauliza, "Kikongwe kala?" Nami namjibu, "Kala, kashiba." Anacheka, anamwambia Dada kwamba nimekuwa mtu mzima.

Ile pombe ya tufaha imejaa chupa kumi na moja, na sijaweza kumaliza hata glasi moja.

Najua ulipoolewa Bibi alipaka kijiko kimoja cha Kikongwe juu ya karatasi, akakikausha, akakivunjavunja, ukaondoka nacho kwenye bahasha. Najua pia Mama husema chako kimeshaharibiwa na unga wa huko, si Kikongwe tena ni mtalii, na mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote mezani. Nisamehe. Nikaushie kijiko kimoja. Nimeweka humu bahasha yenye anwani yangu, stempu nimeshabandika. Sikupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na Baba Mdogo, na Baba Mdogo akijua jambo, mpaka mbwa wa jirani wanalijua.

Mama anarudi Jumapili ya wiki ijayo. Sikuombi unifichie. Nitamwambia mwenyewe, pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu. Ila nikimwambia, nataka mkononi niwe na kitu kinachopumua.

Wako akupendaye,
yule yule wa kamasi.