Kigoda cha Pili cha Firdausi

Na kama nilivyoanza kukueleza katika ile barua fupi, mpendwa dada Tunu, msaada ninaouomba si wa ndoa, ndoa yangu ni tamu, ina wiki tisa na bado mume wangu Didas akirudi kutoka shuleni anapofundisha hapa Kibondo nazitambua hatua zake tangu kwenye migomba, tatizo ni mwisho wa ile tamthilia ya "Moto wa Firdausi". Firdausi anarudi kwenye nyumba ya marehemu mama yake, anawasha moto, anakaa, halafu anavuta kigoda cha pili, anakipangusa kwa khanga, anatazama mlangoni na kutabasamu, basi, imeisha! Kigoda cha nani? Majirani waliojaa sebuleni kwetu walilalamika, Philomena akasema, "Wametudhulumu hawa, miezi minane naunguza maharage kwa ajili yao!" Ndipo Didas wangu akasema kigoda kile kina mguu uliofungwa kamba, ni kilekile alichokalia mama yake Firdausi sehemu ya tatu. Dada, nilijiona nimeolewa na profesa.

Mimi nikaona mbele zaidi, kwamba mama ameondoka na kigoda kimebaki, kwa hiyo ni cha mtoto atakayekuja. Kesho yake mama mkwe wangu, Mama Vestina wa Kasulu, naye haikosi tamthilia hiyo, akanipigia simu: "Mwanangu, wewe umeona nini pale mwisho?" Nikajibu kwa majivuno, "Mama, kigoda cha pili ni cha mtoto." Mara vigelegele, hadi nikaondoa simu sikioni! Nilisahau kabisa kwamba kwetu bibi arusi hamtamkii mkwe kuwa ana mimba, husema kwa kuzunguka, kwa hiyo kwake nilikuwa nimeshatangaza. Sina mimba, dada. Sasa akina mama wa kanisani kwake wanasaga ulezi wa uji wa mzazi, na Didas anacheka tu, "Mwache mama afurahi, tutamtimizia." Mama huyu ananiita binti, hajaniita mkwe hata siku moja, naogopa nikimwambia ukweli ataona nilimchezea. Nifanyeje?

Claudine, Kibondo

Claudine mdogo wangu, hongera kwa ndoa, na hongera kwa mume mwenye macho. Lakini mwambie profesa wako kwamba mtoto si zoezi la kukusanywa Ijumaa. Atakuja kwa wakati wake, na asipewe kazi ya kufuta uongo kabla hajazaliwa.

Kosa lako si kuzungumzia kigoda. Kosa ni kusikia vigelegele ukanyamaza, kwa sababu vilikuwa vitamu. Kila siku unayokaa kimya, ulezi unazidi kusagwa na aibu inamsubiri yeye mbele ya wenzake, si wewe.

Na hicho kigoda, nami nilikiona. Firdausi hakutazama juu kama anayemkumbuka marehemu, wala hakushika tumbo. Alitazama mlangoni, na mlangoni huingia mtu mzima kwa miguu yake. Ni nani? Hawakutuambia, na wangetuambia ningewachukia. Kigoda kitupu kila mmoja hukiona cha mtu anayemtamani. Didas alimwona mama, wewe ukamwona mtoto, mama mkwe akamwona mjukuu. Hakuna aliyekosea, ila wewe uliacha tamthilia ikaingia nyumbani kwa watu.

Sasa fanya hivi. Piga simu leo, wewe mwenyewe, usimtume Didas. Usilie. Kisha nendeni sokoni mnunue kigoda imara, miguu yote mizima. Ulezi hauozi, mtaunywa pamoja. Ukikosa maneno, chukua haya yangu:

"Mama, mtoto bado. Nilikuwa nasema ya Firdausi, nikanogewa na furaha yako nikashindwa kukukatiza. Nisamehe. Lakini kigoda cha pili kipo, na kabla hajaja wa kukikalia, ni chako. Tunakuletea Kasulu, mimi na Didas, kabla mwezi huu haujaisha."