Mashine Iliyoonya Ikaendelea na Kazi

Kwako Baba,

Ungekuwa na simu huko uliko ningekupigia, maana habari hii ungeipenda, halafu ungeikosoa. Kwa kuwa huna, nakuandikia. Nimetulia, Baba. Naanza na hilo ndio usisome barua yote ukitafuta ubaya umejificha mstari gani.

Unakumbuka glasi ya Mama? Ile ya maua mekundu, ya wageni. Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi Rhonda. Ulirudi kutoka kiwanda cha unga ukiwa bado na vumbi jeupe kwenye nyusi, ukaona vipande ndani ya pipa, ukazima redio. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako: kukitokea kosa, kila kitu kinasimama. Sufuria inatolewa motoni, vitabu vinafungwa, watoto wote tunakaa kwenye viti mpaka mwenye kosa ajitaje. "Hatuendi mbele na kitu hatukijui," ulisema. Nilijitaja ugali ukiwa umekauka kama tofali. Mama alikuwa jikoni akijisemea, kwa sauti ya kutosha uisikie, kwamba kosa moja haliachi mke, sembuse glasi.

Habari ya rafiki yako wa kazini ulinisimulia baadaye sana, nikiwa kidato cha tatu. Mashine ya kusagia ilikuwa imetoa mlio mgeni tangu asubuhi. Kila mtu aliusikia na hakuna aliyeizima. Kufika saa sita, rafiki yako alikuwa amepoteza vidole viwili. Tangu siku hiyo ukawa mtu wa kusimamisha. Msimamizi alikuchukia, wenzako wakakubatiza jina la Breki. Nililionea fahari jina hilo kuliko nilivyowahi kukuonyesha, na nasikitika kwamba sikukuambia.

Kazi yangu hukuielewa vizuri, na lawama ni zangu, kila mara nilikueleza nikiwa na haraka. Ngoja nijaribu tena. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ya chini kabisa, tunaiita kerneli. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kusoma diski, kusikiliza kila waya uliochomekwa. Programu nyingine zikifa, kerneli inazizika na maisha yanaendelea. Yenyewe ikifa hakuna wa kuizika, mashine nzima inaganda. Kwa hivyo anayeandika ndani ya kerneli, akikuta jambo asilolitarajia, ana njia mbili. Anaweza kuweka onyo: mashine inaandika imeona nini na ilifikaje hapo, kisha inaendelea na kazi. Au anaweza kuamuru kifo: simama papo hapo, usiguse kitu. Wakubwa wa kazi hii hutufundisha kwamba onyo linatosha karibu kila mahali. Mimi uliyenilea wewe, nilikuwa naamuru kifo kila kona.

Ofisini kwetu hapa mjini tunatengeneza kompyuta ndogo za kuendesha matangi ya kupoza maziwa. Tukizijaribu, huwa tunawasha mpangilio mmoja mkali unaogeuza kila onyo kuwa kifo, ndio hata kosa dogo lisitupite. Kabla mashine haijaenda kwa mteja, mpangilio huo unazimwa. Kuuzima ilikuwa kazi yangu, na mashine ya kituo cha maziwa kule Molo ilienda nao ukiwa umewaka.

Wala sikusahau, Baba. Niliuona. Nikajiambia wacha ukae, afadhali mashine isimame kuliko iende mbele na kitu haikijui.

Asubuhi moja ya ukungu, ule wa Molo unaolowesha mpaka kope, unyevu uliingia kwenye waya wa kipimajoto. Kipimo kikadai maziwa yana joto kushinda maji yanayochemka. Programu yangu iliona huo ni upuuzi, ikatoa onyo kama ilivyopaswa. Onyo likageuka kifo. Mashine ikajiwasha upya, ikasoma upuuzi uleule, ikafa tena. Ilikufa na kufufuka asubuhi yote, na mota ya kupoza haikupata hata nafasi ya kuzunguka. Lori la kuchukua maziwa lilipofika, dereva aliyapima na kuyakataa.

Mama Cherono, anayesimamia kile kituo, alinipigia simu. "Engineer, hii mashine yako imezima mara sijui ngapi. Maziwa imeharibika yote. Kuja ujionee. Na ikizima tena, tunang'oa."

Nilifika saa tano. Akina mama walikuwa wameketi juu ya mikebe yao, wengine wanagawana yale maziwa wakayafanye maziwa lala, yale ya mgando, mengine yalikuwa yameshamwagwa na nyasi zilikuwa nyeupe. Njiani nilikuwa nimetunga maelezo mazuri kuhusu waya na ukungu. Yalikuwa ya kweli, tena yangeniponya.

"Sasa shida ilikuwa nini haswa?" Mama Cherono akauliza.

Nilihisi niko kwenye kile kiti cha Rhonda, redio imezimwa.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Waya ililowa, lakini hiyo ni kitu kidogo. Mimi ndio niliambia mashine ikufe ikiona kitu kidogo."

Mama mmoja alicheka puani, akatikisa kichwa.

"Na unaweza kuiambia isikufe?" Mama Cherono akauliza.

"Naweza."

"Basi iambie. Chai iko hapo kwa thermos."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote, Baba. Hakuna aliyeniketisha. Nilizima ule mpangilio nikiwa nimesimama, kompyuta yangu juu ya pipa la plastiki, nikanywa chai machozi yakinitoka na kusingizia baridi. Sijawahi kupata nafuu ya aina hiyo tangu nizaliwe.

Nilirudi ofisini nikapitia programu yangu mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeamuru kifo mahali saba. Kila mahali nilijiuliza swali moja: mashine ikiendelea kutoka hapa, kuna atakayeumia? Mahali sita nikapabadilisha. Kipimo kikiwa cha ajabu, mashine sasa inasema mara moja tu, inaacha kukiamini, inatumia kipimajoto cha pili kilichomo tangini. Pa saba nilipaacha. Hapo ni pale mashine inapogundua kumbukumbu yake yenyewe imevurugwa, haiwezi tena kuamini hata kile inachokiwaza, na ikiendelea itaandika takataka juu ya vitu vizima. Hapo isimame, na mtu yeyote akitaka kuniondolea huo mstari tutakosana. Hapo wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na mtu angeizima ile mashine mapema rafiki yako angekuwa na vidole vyake. Kwenye glasi hukuwa sahihi. Nimechukua miaka mingi kuyasema mawili haya kwa pumzi moja, na sasa nimeyasema sina hasira nawe hata kidogo.

Mvua za mwezi uliopita zilipoanza, kila asubuhi niliamka nikingoja simu ya Mama Cherono ya kusema wanaing'oa mashine. Haikuja. Nilipopiga mwenyewe alishangaa. "Kwani kuna nini? Maziwa iko baridi mpaka lori inalalamika."

Halafu Jumapili hii tumetoka kanisani, niko Free Area kwa Mama, tumeketi nje tunachambua kunde. Simu ikalia kwenye mfuko wa sweta. Nikausoma ujumbe uliotumwa na mashine yenyewe: waya wa Molo umelowa tena, mashine imeonya, inaendelea kupoza. Nikairudisha simu mfukoni.

Mama alikuwa ananiangalia. "Ni kazi?"

"Ni kazi, Mama. Lakini itangoja mpaka kesho."

Aliacha kuchambua. Alinitazama mpaka nikaona haya, machozi yakamlengalenga, akasema aliishi na wewe miaka arobaini na mimi miaka yangu yote, na hajawahi kulisikia neno hilo kwa mmoja wetu. Kisha akanisogezea fungu lingine la kunde, tukaendelea.

Lala, Baba. Usiinuke kwenda kuangalia.

Msichana wako wa mwisho,
Nekesa