Vidonge vya Mwalimu Ambilikile

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mwenye nyumba wangu, Mwalimu Ambilikile — mstaafu, presha ya miaka — karudi kutoka hospitali ya Kyela mjini na dawa zake za mwezi. Hapa Mwaya kijiji kizima kimepona! Jioni kakaa barazani anazigawa kama karanga. Jirani yetu Nsajigwa kalalamika kizunguzungu. Kutwa yuko juani anaanika kokoa. Presha hiyo, Mwalimu kasema, na kamjazia kiganja. Nikauliza kama amepimwa. "Binti yangu, wewe ni afisa kilimo. Pima mpunga." Nsajigwa: ndaga fijo, Mwalimu, asante sana.

Alhamisi, 5 Juni 2025
Nsajigwa kaanguka juu ya kokoa yake! Tumemkimbiza zahanati kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, Mwalimu na majirani wanatufuata. Mganga: presha yake ilikuwa chini tangu mwanzo, vidonge vimeishusha zaidi, angekufa. Nani kampa? Nsajigwa, macho nusu: "Niliokota."
Kaokota!
Mganga kafoka — dawa uliyoandikiwa wewe humpi mwingine, ni hatari, na sheria hairuhusu. Aliyetikisa kichwa kuliko wote? Mwalimu. Watu hawana elimu, kasema. Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kumzaba kofi.

Jumapili, 8 Juni 2025
Mwalimu hakwenda kanisani. Kichwa kinampasua. Mkewe, Mama Beatrice, kaninong'oneza: kagawa dawa zote, hajameza hata kidonge tangu majuzi. Basi twende hospitali! Hataki. "Nitamwambia daktari zimekwenda wapi?" Anaogopa swali kuliko kiharusi. Msomi wetu.

Jioni. Wanakwaya wamekuja kumwona, na hawakuja mikono mitupu. Mmoja kafungua fundo la khanga: vidonge vya kisukari. Mwingine: vilivyobaki vya marehemu mumewe. Nsajigwa naye, bado anapepesuka, karudisha vyake, vimechanganyika na vya minyoo. Vyote vyeupe. Mwalimu kavipokea kiganjani, machozi yanamlenga. "Binti, niletee maji."

Nimempigia wa bodaboda aje ampeleke Mwalimu hospitali, kasema anakuja. Niko jikoni, eti natafuta kikombe. Mama Beatrice kaingia, kanitazama. Kanyanyua mtungi kamwaga maji yote uani. Kisha kwa sauti: maji yamekwisha!

Bodaboda bado. Sebuleni mtu kasema asijali, kwake kuna soda ya kumezea, anakimbia kuichukua —