Maneno Niliyotumwa na Baba

Tukuyu, 14 Juni

Mdogo wangu Mwanaasha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Twalib na watoto, na kwamba kikohozi cha yule wa mwisho kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baridi imeshaingia, Baba anavaa makoti mawili akikaa kwenye cherehani. Masikio yake yamezidi kuwa mazito, lakini uzi bado anautunga mwenyewe bila miwani.

Barua hii nampa Maulidi, anayekuja huko Ngazija na viazi vyake. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu kama siku zote, ila najijua, ningejisikiliza kisha nikafuta.

Maulidi aliporudi safari iliyopita alitupa habari zako dukani, mbele ya wateja. Alisema meli ya mchele ilichelewa wiki tano, maduka ya Moroni yakabaki matupu, lakini kijijini kwenu watu walikula. Walikula muhogo, unga wa ndizi mliokausha ninyi akina mama, na viazi mlivyopanda mlimani kwa mbegu ya huku kwetu Isongole. Alisema mlianza wanawake saba na sasa mmepita sitini, na watu wa vijiji vingine wanakuja kukuuliza mnafanyaje. Kumbe unawafundisha kujaza samadi kwenye mashimo ya migomba, kama tulivyomwona jirani yetu mama Tusekile akifanya tangu tukiwa wadogo! Baba alicheka hadi akafuta machozi. Mimi niliingia stoo, nikajifanya natafuta vitambaa.

Mwanaasha, nakuonea wivu. Haukuanza siku ile. Ulipoolewa ukaondoka, mimi nilibaki nikipima viuno vya watu na kupika. Ulipotuma shiromani, zile nguo za kujitanda za wanawake wa huko, na bangili, Baba aliwaonyesha hata wapita njia. Kanzu zake zote za Idi nimemshonea mimi, na sikumbuki aliyewahi kuonyeshwa hata moja.

Kisha kikaja kile kimbunga. Ulinipigia ukilia: migomba yote imelala, vanila imeng'oka pamoja na miti yake, wanunuzi wa Ulaya wameshusha bei ya ile iliyobaki, na Twalib amefunga duka kwa kuwa hana cha kuuza. Uliniambia hukujua kwamba nchi nzima inaweza kukaa ikitazama meli moja tu. Nami, Mungu anisamehe, nilipokata simu nikaona moyo wangu umetulia. Nilishuka sokoni, nikakuta mikungu ya ndizi imerundikwa inaoza kwa kukosa wanunuzi, nikajiambia kuwa leo tajiri ni mimi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Maulidi aliniletea pia swali lako. Unataka kuja na watoto mkishavuna, na umeniomba nimuulize Baba kama yuko radhi uingie nyumbani kwake. Nimekaa na swali hilo siku nne bila kumfikishia.

Baba hajawahi kukukataa. Nilipompa habari za kimbunga, aliacha suruali ya mteja chini ya sindano, akasema, "Mwambie arudi, yeye na mume wake na watoto. Nyumba hii ni yao." Kwa kuwa hasikii simu, alinituma mimi. Nikakupigia, nikakuambia Baba anasema mwanamke hakimbii nyumba yake wakati wa shida, ubaki huko huko. Ukasema tu, "Haya, dada." Baba naye nikamwambia umegoma, umeshazoea maisha ya huko na sisi hututaki tena. Nilijua ukirudi nitakuwa wa pili ndani ya nyumba hii, kama zamani. Basi miaka yote hii wewe umeamini baba yako alikutupa, na yeye ameamini wewe ndiye uliyemtupa.

Asubuhi ya leo nimemwambia. Unajua Baba hanong'onezwi. Ilibidi nipige kelele sikioni kwake, pale barazani, mpaka mama Tusekile akasimama na ndoo yake upande wa pili wa ua. Nilipomaliza, Baba akasema hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia. Akataka nirudie tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.

Hakunilaani. Aliniambia nikuandikie na nisipunguze neno. Kisha akachukua kofia yake kwenda msikitini. Nikampa mkono nimvushe barabara kama kila siku, akaupita, akavuka peke yake kati ya bodaboda, na mimi nikabaki nimesimama nikimtazama hadi alipofika ng'ambo.

Njoo, Mwanaasha. Sitakudanganya kwamba wivu umeniisha, maana hata sasa naona jinsi atakavyotoka nje kukupokea. Lakini njoo.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kila mmoja. Mama Tusekile anakusalimu. Baba atakusalimu mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Safina